Salamu ya Alhamisi

Wastaafu wenzangu wa ndege walipokubaliana kwamba mkutano wa mwaka huu ufanyike nyumbani kwangu, huku juu ya Mlalo, jambo la kwanza nililofanya halikuwa kununua mchele wala kuazima mikeka msikitini. Nilikwenda kuosha choo. Nilikiosha kwa brashi na sabuni ya unga, nikasuuza, nikarudia, mpaka mke wangu akaja kusimama mlangoni akauliza kama wageni watapakuliwa chakula humo. Nilicheka, lakini sikuacha kusugua. Namshukuru Mungu kwa uzee alionipa. Nina wajukuu, nina magoti yanayokubali bado kusujudu, na kila alasiri watoto wa jirani huja barazani kwangu na misahafu yao niwasomeshe. Hata hivyo nikisikia kwamba watu wa ndege wanakuja, haya ya ujanani hunirudia, na hairudi kichwani. Hurudi mikononi, na mikono hutafuta brashi.

Walifika saa za adhuhuri kwa gari walilolikodi Lushoto, wazee watupu, wengine na mikongojo, wakishuka kwa zamu na kulalamikia kona za njiani. Veronika alishuka wa kwanza. Huyu alikuwa mhudumu wa ndani ya ndege, mzaliwa wa Rangwi, amesomeshwa na masista wa Kifungilo, na mpaka leo hutembea wima kama anayepita katikati ya viti na sinia mkononi. Alimshika mkono Kapteni Gwamaka, akamwonyesha pa kuweka mguu. Kapteni alikuwa rubani wetu, mtu wa Tukuyu, mrefu, sasa macho yamefifia na pumzi ni ya kukopa. Nilimwendea, nikainamisha kichwa. "Shikamoo, Kapteni." "Marahaba, Athumani. Hewa yenu huku ni nyembamba, ningejua ningekuja na kinyago cha oksijeni." Wote wakacheka, nami nikacheka, na nikaona wenzake wakitazamana, maana daktari alikuwa amemkataza kupanda milima na yeye akawaambia kwamba milima hii ameipanda maisha yake yote bila hata kutokwa jasho.

Chumba changu cha wageni si kikubwa. Tuliwaketisha waliochoka kwenye makochi, wengine kwenye mikeka, na mke wangu na binti zangu wakaleta makande, pilau, mnavu uliopikwa kwa maziwa ya mtindi, na bakuli la plamu kwa ajili ya wageni waliozoea joto la pwani. Habari zikaanza, na habari za watu wa umri wetu ni za aina moja. Fulani aliyekuwa kwenye mnara wa kuongozea ndege amekatwa mguu kwa sababu ya sukari. Fulani wa mizigo amehamia kwa mwanawe Mwanza na hamtambui tena mtu, ila ukimtajia namba ya ndege anakuambia ilikuwa na kasoro gani. Fulani amefariki, na fulani, na fulani. Tukainua mikono, kila mtu akaomba kwa dini yake, kisha Veronika akauliza nani amebakiza mchuzi. Baada ya hapo wakaingia kwenye ndege zenyewe. Fundi mmoja aliapa kwamba Dakota ilikuwa ndege bora kupita zote kwa sababu ungeweza kuifunga kwa waya ikafika. "Ikafika na mvua ndani," Veronika akamjibu. "Mimi nimewahi kugawa chai ndani ya Dakota nikiwa nimevaa koti la mvua." Wakakumbushana ndege kubwa za injini nne za lile shirika la nchi tatu za Afrika Mashariki, na asubuhi zile za mwisho watu walipoamka wakakuta shirika limevunjika na ndege nyingi ziko upande wa pili wa mpaka. Wakaitaja Frendishipu, ile ya mapangaboi mawili yenye mabawa juu ya madirisha, na waliposema Frendishipu nilijua kinachofuata, kwa sababu hufuata kila mwaka. Nikachukua birika nikaanza kuwaongezea chai watu ambao vikombe vyao vilikuwa vimejaa.

"Mnamwona Athumani?" Kapteni alisema, akinitafuta kwa macho yale yenye ukungu. "Mama yake huyu nimewahi kumsalimia kwa ndege nzima. Abiria ndani, chai mezani, mimi nikashuka chini kidogo, nikawasha taa zote, nikalalia bawa hivi, na hivi. Nilijua ningeitwa ofisini, na kweli niliitwa. Lakini niambieni, kati yenu mafundi na marubani, nani amefanya jambo la maana kuliko hilo? Yule mama alifurahi kuliko mtu aliyepewa ng'ombe." Chumba kizima kikapiga makofi. Veronika alinitazama juu ya kikombe chake, halafu akatazama chini. Nami nikasema kile ninachosema kila mwaka: "Mungu akulipe, Kapteni." Ila safari hii hakuishia hapo. Alishika ukingo wa kanzu yangu nilipompita na birika. "Kesho kabla hatujaondoka, unipeleke pale aliposimama. Mahali pale nimepaona kwa juu tu. Nataka kupakanyaga, nijue yule mama aliniona kutoka wapi. Sidhani kama nitapanda tena huku." Nikaitikia vizuri. Kisha nikaenda jikoni, nikakaa kwenye kigoda cha mke wangu kama mtoto aliyefanya kosa, maana mahali pale pako hatua chache kutoka kaburi la mama yangu, na sikujua nitamdanganyaje mzee wa watu mbele ya kaburi, wala nitamwambiaje ukweli.

Mwaka ninaoukumbuka ni mwaka wangu wa kwanza kazini. Nchi yetu ilikuwa imeanza shirika lake kwa ndege za kuhesabika, na mimi, kijana aliyetoka kuhitimu Kurani kwa mwalimu wake huku mlimani, nikapata kazi uwanjani Dar es Salaam, idara ya usafi. Ndege ikitua na abiria wakishashuka, mimi na mwenzangu tulikwenda mkiani na gari la tangi, tukafungua, tukanyonya kilichomo chooni, tukasuuza, tukatia maji mapya na ile dawa ya bluu ya kuua harufu. Dawa ile haikuwa na huruma. Ilipenya kwenye glavu, ikaingia kwenye mizizi ya kucha na kukaa humo wiki nzima, sabuni isiitoe wala limau. Pale uwanjani tuliitwa watu wa mkia. Kantini ilikuwa moja, lakini marubani walikuwa na meza yao karibu na feni, mafundi meza yao, wa mizigo yao, na watu wa mkia tulikaa karibu na mlango wa nyuma ambako upepo ulitoka nje. Hakuna aliyetuamuru kukaa pale. Tulikwenda wenyewe, na hilo ndilo lililonitia haya zaidi, kwamba miguu yangu ilijua mahali pake kabla sijaambiwa.

Kwa mtu aliyefundishwa twahara tangu akiwa na meno ya utoto, kazi ile ilikuwa mtihani. Nilikuwa nikioga mpaka ngozi inawaka kabla ya kila swala, na bado nikisimama kwenye safu nilihisi jirani yangu anavuta pumzi. Nilimwendea sheikh wa msikiti wa mtaa tuliopanga, nikamweleza huku nimeficha mikono ndani ya mikono ya kanzu. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Najisi inaondoka kwa nini, kijana?" "Kwa maji." "Maji unayo?" "Ninayo." "Basi kaswali, na uache kunipotezea muda." Jibu lilikuwa sahihi, nililijua hata kabla sijauliza, na leo hii nawafundisha watoto hivyo hivyo. Lakini haya niliyoiona si najisi. Maji hayaifikii.

Nilirudi nyumbani mara ya kwanza kwa ajili ya Idi. Nilishuka barabarani, nikaanza kupanda kilima na mfuko wangu, na kabla sijafika kwenye mikaratusi iliyokuwa juu ya nyumba yetu watoto walikwisha kuniona wakakimbia mbele yangu wakipiga kelele, "Rubani! Rubani kaja!" Nikageuka nyuma nione rubani gani. Hakuwapo. Wazee walionyosha mikono niwaamkie walinishika muda mrefu kuliko kawaida. Mtu mmoja aliniuliza kama mawingu ni ya baridi ukiyagusa. Nilifika kwa mama nikamkuta jikoni anasonga bada, ugali wa muhogo, uso umejaa jasho na furaha, na kabla hata sijamaliza shikamoo alikuwa anawaambia wanawake waliokuwa naye, "Si niliwaambia? Tazameni alivyokonda. Kule juu hawali." Sikuwa nimemwandikia mtu yeyote kwamba mimi ni rubani. Nilikuwa nimemtumia salamu kwamba nimepata kazi kwenye ndege, na mama, ambaye ndege aliijua kama kitu kinachopita juu ya shamba lake kila Alhamisi kutoka Tanga kwenda Kilimanjaro, alikuwa amejaza sehemu iliyobaki kwa upendo wake. Alipokuja na jagi kuninawisha kabla ya kula, aliziona kucha zangu. Akazishika, akazigeuza kwenye mwanga wa mlango. "Wino huu, mwanangu?" Jirani akadakia kabla sijafungua mdomo, "Si wanaandika hao! Ndege haiwashwi hivi hivi kama mashine ya Kaniki." Wote wakacheka, mama akanimiminia maji, na mimi nikala. Ningesema nini? Ningemvunjia mama maneno yake mbele ya wanawake wenzake, na bada ikiwa bado inafuka moshi?

Kaniki aliyetajwa hapo ndiye aliyekuwa na mashine ya kusaga kijijini kwetu. Alikuwa mtu wa maneno, na maneno yake yalikwenda mbali kwa sababu ilibidi ayapige kelele kushinda injini. Siku ya tatu ya Idi nilikuwa nimekaa nyuma ya kibanda chake nikimsubiri mama na unga, nao hawakujua kuwa nipo. Injini ilizimwa, nikamsikia Kaniki. "Mama Athumani, hiyo ndege ya Alhamisi, anaendesha mwanao?" "Nani mwingine?" mama alisema. "Basi mbona hajawahi hata kutupepesea taa? Mimi mpwa wangu ni dereva wa lori la mbao tu, lakini akipita hapo bondeni anapiga honi mpaka kuku wanapanda juu ya paa. Rubani gani anampita mama yake kama hamjui?" Wanawake wakacheka kile kicheko cha kuficha mdomo kwa kanga. Mama hakucheka. "Atawasha," alisema. "Kila jambo na siku yake." Na alipotoka na debe lake la unga kichwani akanikuta nimesimama, nadhani alijua kwamba nimesikia, kwa sababu hakusema neno mpaka siku niliyoondoka. Alinisindikiza mpaka barabarani na kikapu cha plamu, na pale akasema kwa sauti ndogo, kwa Kishambaa, kama anayeomba kitu kwa mtu mkubwa, "Siku moja uniamkie kutoka huko. Mara moja tu, Kaniki anyamaze." Nikamwambia inshallah. Njia nzima kurudi Dar nilikaa na kikapu kile mapajani na sikula hata tunda moja.

Nilizigawa plamu uwanjani. Veronika alikuwa mtu pekee kati ya wale wa mbele aliyekuwa akija mpaka kwenye meza yetu karibu na mlango, na alikuja kwa sababu ya Kishambaa. Alisema kwamba Kiswahili chake kinachoka jioni. Alipoonja tunda la kwao akataka kujua habari za nyumbani, mvua, mahindi, nani kaoa, na mimi, sijui ni upweke au ni lugha, nikamweleza yote mpaka maneno ya Kaniki. Alicheka mpaka kokwa likataka kumkaba. "Rubani Athumani! Na kofia unayo?" Halafu akaona uso wangu akanyamaza. Lakini kunyamaza mbele yangu hakukumzuia kusema mbele ya wengine, maana siku chache baadaye, nikiwa nimeshika bomba chini ya mkia wa Frendishipu, nilisikia viatu vigumu vikija juu ya saruji. Marubani hawakuwa wakija upande ule. Nilijifuta mikono kwenye suruali.

"Shikamoo, Kapteni." "Marahaba. Wewe ndiye Athumani? Mama yako anakaa upande gani wa milima?" Nilidhani nimefanya kosa. "Kapteni, mimi sikumwambia mtu kuwa ni rubani." "Najua. Nionyeshe tu anakaa wapi." Gurudumu la ndege lilikuwa na vumbi, nikachora humo kwa kidole: bonde la Mlalo, kanisa la zamani la misheni, mgongo wa kilima wa kwanza, wa pili, na mstari wa mikaratusi. Aliinama akatazama, kofia yake yenye nembo ikawa karibu na kichwa changu, na mimi nikajisogeza kwa sababu ya harufu. Yeye hakusogea. "Mikaratusi hiyo naijua," alisema. "Inaonekana kama meno ya kitana. Basi nitamwamkia siku moja." Nikasema kwamba asijisumbue. Akakunjua mgongo. "Mama yangu alifariki nikiwa ng'ambo nasomea urubani. Waliniandikia walipokwisha kumzika. Hakuwahi kuniona hata nimevaa kofia hii. Sasa wako anataka taa tu, wewe unaona shida?" Aliondoka akipiga mluzi. Nilibaki na bomba langu, na nasema kweli, sikuona furaha. Niliona haya kwamba hitaji la mama yangu limezunguka uwanja mzima mpaka likafika meza ya karibu na feni.

Alhamisi kadhaa zikapita na mimi nikaanza kuamini kwamba amesahau. Kisha ikaja simu kwamba mjomba wangu, kaka wa mama, amefariki. Msimamizi wetu alinipa ruhusa, nikapanda basi siku hiyo hiyo. Watu hudhani kwamba wafanyakazi wa ndege hujuana safari zao, na kweli, rubani hawezi kubadilishwa bila uwanja mzima kupata habari. Lakini nani angekwenda kumwambia rubani kwamba mtu wa mkia hayupo leo? Hakukuwa na desturi hiyo. Hata Veronika alikuwa safarini. Mahali pangu karibu na mlango pakawa wazi, na hakuna aliyepatazama.

Hitima ilisomwa Alhamisi. Kijiji kizima kilikuwa uani kwetu, wanaume kwenye mikeka upande wa barabara, wanawake upande wa jikoni. Tulikuwa tumemaliza dua, masinia ya pilau yameshuka, na mimi nilikuwa nimekaa sinia moja na Kaniki, mkono wangu wa kulia, wenye kucha za bluu, umo ndani ya wali pamoja na mikono ya wenzangu. Mawingu yalikuwa yameshuka na kumetia giza kidogo kama inavyokuwa huku kabla ya mvua. Tukaisikia. Mwanzoni hakuna aliyejali, lakini sauti haikupita juu kama siku zote, ilizidi kukua, mpaka vikombe vikatetemeka, na Frendishipu ikatokea juu ya mikaratusi, chini kuliko nilivyowahi kuiona nyumbani, taa zake zote zimewaka kama macho. Ikalalia bawa la kushoto. Ikalalia la kulia. Watoto wakapiga ukelele. Watu walisimama, mwingine akakanyaga sinia. Ilikuwa ndiyo salamu yenyewe, nzuri kuliko honi zote za malori, imekuja siku yake, mbele ya watu wote ambao mama angetaka waione. Kisha nyuso zikaanza kushuka kutoka mbinguni, moja moja, na kila iliyoshuka ilitua juu yangu.

Kaniki hakuhitaji hata kupaza sauti. "Athumani," alisema, kwa upole kabisa, "sasa ile umemwachia nani?" Mtu mmoja alicheka, akajizuia kwa sababu ni matanga. Nilitazama sinia. Sikuwa na pa kuuficha mkono wangu. Ulikuwa umejaa wali.

Hapo ndipo mama alipotoka jikoni. Alipita katikati ya mikeka ya wanaume, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaenda kusimama kwenye mwamba ulio chini ya mikaratusi. Ndege ilikuwa bado inaonekana, inapanda kuelekea Kilimanjaro. Akainua mkono wake wote mpaka kanga ikaanguka begani. "Onga mshi, mwanangu!" alisema kwa nguvu, salamu yetu ya mchana, kama inayotolewa kwa mtu aliye ng'ambo ya bonde. Akasubiri mpaka sauti ya injini ikaisha. Kisha akageuka. "Kaniki, mtu akikuamkia huulizi kwanza ni mtoto wa nani. Unaitikia. Kula, wali unapoa." Akarudi jikoni.

Wageni walipokwisha kuondoka alinikuta nyuma ya nyumba. Hakukaa. "Niambie wewe, kabla sijaambiwa na mashine ya unga. Unafanya kazi gani?" Nikamwambia. Nilimwambia kwa Kiswahili, maana kwa Kishambaa maneno hayakutoka. Alizitazama kucha zangu, na nikaona wino unaondoka machoni mwake. "Ukimaliza unaoga?" "Naoga, mama." "Unaswali?" "Naswali." "Basi ni kazi," alisema, na hakuiongelea tena. Hakunikaripia siku hiyo wala baadaye, na fedha niliyomletea kila Idi aliipokea kwa dua ile ile. Ila tangu Alhamisi ile mama yangu hakuitazama ndege tena. Ilipopita akiwa shambani, wenzake walisimama, yeye aliendelea kulima. Ilipopita akiwa uani aliingia ndani. Nilimwona hivyo mwaka hadi mwaka, mpaka njia ile ya ndege ilipofutwa, na jina la Rubani likanibaki kijijini kama jina la mzaha, hata watoto wakaniita hivyo bila kujua lilikotoka. Niliporudi Dar, Kapteni alinipungia mkono kwa mbali uwanjani na kuuliza kwa ishara, na mimi nikainua dole gumba. Dole gumba lile ndilo limenifuata mpaka leo.

Asubuhi iliyofuata nilimshika Kapteni mkono tukapanda polepole. Veronika alikuja nyuma yetu amebeba kigoda, kwa sababu pumzi ilikuwa inamwishia mzee kila baada ya mwinuko. Mikaratusi ilikwisha kukatwa zamani, lakini mwamba upo. Nikamwambia, "Ni hapa." Akautafuta kwa mguu, akapanda, akasimama akitazama upande wa mawingu ambao nadhani aliona weupe tu. "Alifanya nini?" aliuliza. Usiku kucha nilikuwa nimejiandalia jibu, na jibu lenyewe lilikuwa kweli kabisa, ndiyo maana nililichagua. "Aliinua mkono wake wote. Akasema, 'Onga mshi, mwanangu.'" Kapteni akalirudia neno la mwisho, mwanangu, taratibu. Machozi yakamtoka bila kuyazuia, na mimi nikashukuru kwamba nimelipita jambo lile salama.

Kisha akageuza uso kutoka kwenye mawingu, akaielekea sauti yangu. Mtu aliyeendesha ndege maisha yake yote hawezi kuacha kupima mahali vitu vilipo. "Wewe ulijuaje alichosema?" "Kapteni?" "Wewe ulikuwa Dar. Nilikuona ukinionyesha dole gumba." Nikatazama chini. Veronika alishika kigoda kwa mikono miwili. "Nilikuwa hapa," nikasema. "Kwenye mkeka pale. Ilikuwa hitima ya mjomba." "Watu walikuwapo?" "Walikuwapo." "Wengi?" "Wote, Kapteni."

Alishuka kutoka kwenye mwamba, akakataa mkono wangu, akaketi kwenye kigoda. "Miaka yote hii umeniacha nichekeshe watu," alisema. "Umenimiminia chai." Nilikuwa nimekuhesabu kunyamaza kwangu kuwa subira, na nimekuombea malipo katika swala zangu; sasa niliona nimemweka mzee wa watu barazani bila nguo, mwaka baada ya mwaka, mimi nikiwa nimeshika birika. Nikamwomba radhi. Akatikisa kichwa, si kwa kukataa, ila kama mtu anayesikiliza injini. "Baada ya pale," aliuliza, "alikuwa akizitazama ndege?" Nikamwambia hapana.

Kisha akasimama mwenyewe, akauliza kaburi liko wapi, nikamwonyesha kwa kumwelekeza mabega. Alivua kofia, ya sufu, ya kizee, ya kuzuia baridi. Akainamisha kichwa kama nilivyokuwa nikimwinamishia mimi.

"Shikamoo, mama," alisema.

Akabaki ameinama. Upepo ulipita kwenye mahindi, Veronika akaanza kulia, na yeye hakuinuka; alikuwa anasubiri, kama mtoto aliyefunzwa asiondoke mbele ya mkubwa kabla hajaitikiwa. Kwetu huku mtu haitikii shikamoo ya anayemzidi umri. Sijawahi kufanya hivyo maishani mwangu, na watoto wangu ningewachapa kwa jambo hilo. Lakini nilimkumbuka mama na mkono wake hewani, na alichomwambia Kaniki.

"Marahaba, mwanangu," nikaitikia kwa niaba yake, uso ukiniwaka, nikamshika mkono tukaanza kushuka.